Hapana Ishirini na Sita

Baba aligeuza shingo kulia akatoa salamu, akaigeuza kushoto akatoa salamu, na kutoka hapo shingo haikurudi.

Ilikuwa sala ya alasiri, mwaka wa pili wa vikwazo vya nchi jirani, msikitini kwetu Gitega. Mimi nilikuwa nyumbani, lakini nilisimuliwa na watu wengi kiasi kwamba ni kama nilikuwepo. Watu waliinuka, wakakung'uta kanzu, wakatafuta viatu vyao. Baba alibaki amekaa, uso umeelekea kushoto, kama mtu anayengoja jibu la salamu yake. Na aliyekuwa kushoto kwake ni Murad, mwuza vitambaa, ambaye yeye na baba walikuwa hawajasemeshana kwa miaka minne.

"Mbona unaniangalia?" Murad akauliza.

"Mi sikuangalii," baba akajibu. "Shingo ndiyo inakuangalia."

Watu wawili wakaanza kubishana. Mmoja alisema sala ya mtu aliyekwama kwenye salamu bado inaendelea, kwa hiyo Kassimu, yaani baba, asisemeshwe. Mwingine alisema amekwisha kusema, tena na Murad, kwa hiyo kama ilikuwa inaendelea imekwisha kuharibika. Sheikh akaitwa. Ili amtazame baba machoni ilibidi akae mahali pa Murad. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sala imekwisha. Shingo ndiyo bado."

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na ugomvi wake na Murad ulikuwa wa mkono wa koti. Alimshonea Murad koti la harusi ya bintiye Narmin, na siku ya harusi mkono wa kushoto ukashuka mpaka ukafunika saa. Murad alisema fundi amekosea kipimo. Baba alichomoa futi yake shingoni, akapima koti mbele ya wageni, akapima tena, akasema, "Koti iko sawa. We ndiye umepinda." Tangu siku hiyo Murad alivaa makoti ya kiwandani, na baba alinunua vitambaa vyake mbali, kwa miguu.

Basi alasiri ile Murad alisimama mlangoni mwa msikiti, akangoja baba apite.

"Kassimu," alisema. "Nani amepinda sasa?"

Kuna jambo nililolijua mimi peke yangu. Wiki moja kabla, gurudumu la baiskeli lilipasuka sokoni, na watu mia mbili walikimbia wakidhani ni risasi. Baba alikimbia nao, kichwa cha cherehani kikiwa juu ya kichwa chake, maana fundi haachi cherehani yake. Karibu na Yoba, mtaa wetu, alianguka kwenye mfereji, cherehani ikamfuata. Aliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, ana udongo masikioni. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo.

"Nadia," aliniambia, "hujaona kitu. Baiskeli! Mi nimekimbia baiskeli."

"Ndiyo, baba," nilisema. "Sijaona kitu."

Lakini niliendelea kuona. Baba alikuwa mtu wa kutunga uzi kwenye sindano bila kuangalia, akisema na wateja, akicheka. Baada ya kuanguka, mkasi ulimtoka mkononi mara mbili kwa siku. Vidole vya kulia alikuwa akivikunja na kuvikunjua chini ya meza kama mtu anayehesabu tasbihi. Kisha akaanza kuniletea sindano. "Nitilie uzi, mwanangu, macho yamechoka." Macho yake hayakuwa na kitu. Nikawa natembea na sindano tatu zenye uzi, nimezichoma kwenye ushungi wangu, nimpe moja kila anaponyoosha mkono.

Shingo ilipokwama, jambo hilo lingebaki la nyumba yetu, kama isingekuwa vita. Miaka ile watu walisoma nyuso za wenzao kuliko gazeti. Mtu akitazama mlima, nawe utautazama mlima, na ukishautazama utaanza kufikiria jinsi ya kubeba godoro lako ukimbie. Asubuhi baba alipotoka Yoba kwenda Magarama, alikoshonea, kila aliyekutana naye aligeuka kutazama kushoto kwake. Alipotazama hakuona kitu, na kutoona kitu kulimtisha zaidi. Mwuza sukari akafunga duka. Mwuza mkaa akamwona mwuza sukari. Kabla ya saa nne nusu ya mtaa ilikuwa imebeba masufuria na kuhamia upande wa pili wa barabara.

Jioni baba alirudi nyumbani, na kwa kuwa sasa alikuwa anarudi, kushoto kwake kukawa upande ule wa pili. Watu waliohama asubuhi wakaokota masufuria yao, wakakimbilia walikotoka.

Siku ya tatu wakaja wanaume watatu wa kamati ya usalama ya mtaa. Walikaa sebuleni kwa adabu, wakanywa chai yote.

"Mzee Kassimu, tunakuheshimu," alisema mkubwa wao. "Lakini angalia mbele kama watu wengine, ao ubaki ndani."

"Nikibaki ndani nitashona nini? Pazia zangu mwenyewe?"

"Tunakupa siku kumi. Shingo ni yako, lakini usalama ni ya wote."

Aliyetuokoa alikuwa Murad, na hakufanya hivyo kwa wema. Duka lake lilikuwa ng'ambo ya baraza ambapo baba alishonea, upande wa kushoto kwa baba. Kutwa nzima baba alikaa kwenye kiti chake, mikono kwenye kitambaa, uso kwa Murad. Murad akipima kitambaa, anatazamwa. Akila ndizi, anatazamwa. Siku ya nne alivuka barabara.

"Wateja wananiuliza nimekuibia nini," alisema. "Kassimu, mi nimechoka. Muyinga iko mtu."

Kwa ajili ya vikwazo, petroli ya gari la Murad ilitoka Giteranyi, karibu na mpaka, kwa baiskeli, ikipita njia za miguu, na waendesha baiskeli ndio waliomwambia. Pale Muyinga mjini alikuwepo mtu aitwaye Ilyasi, aliyezaliwa Kigoma na kusomea Ubelgiji, anatibu migongo na shingo kwa mikono mitupu. Mwendesha baiskeli mmoja aliingia kwake ameinama kama ndoano, akatoka anaona mbingu.

"Donc, kwa hiyo ni muunga mifupa," alisema baba mkubwa Waziri, kaka yake baba, aliyekuwa hapo kwa sababu alikuwa kila mahali.

"Si muunga mifupa. Ni osteopati. Iko na diploma ukutani."

"Hata kinyozi wangu iko na diploma ukutani. Ya mtu mwingine."

Murad alisema jambo moja zaidi: yule Ilyasi hamgusi mtu yeyote ambaye hajajibu maswali. Baada ya siku mbili karatasi ya maswali ikaja Gitega, imekunjwa chini ya mkono wa dumu, inanuka petroli. Ilikuwa ya Kifaransa, maswali ishirini na nane, mengine yana nyota ndogo pembeni. Juu yake iliandikwa: *Ili tujue kama matibabu haya ni salama kwako na yanakufaa.*

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, na shule niliyopangiwa ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo nikapewa kalamu. Mwandiko wangu ni mzuri. Sauti yangu ndiyo huwa haisikiki. Chuoni mwalimu alikuwa ananiomba jibu mara mbili, na mara ya tatu anamwomba mwingine.

Tulikaa sebuleni, baba, mama yangu Fatuma, baba mkubwa Waziri na mimi. Baba mkubwa ndiye aliyekaa kiti kikubwa. Katika familia yetu yeye alikuwa mtaalamu wa karatasi. Alikuwa amepita bariyeri zote za askari barabarani kutoka Bujumbura mpaka mpakani, na alikuwa hai, na hiyo ndiyo ilikuwa diploma yake.

"Sikilizeni," alisema. "Karatasi ni karatasi. Hujui itasomwa na nani. Leo daktari, kesho mtu mwingine. Dawa ya karatasi ni neno moja: hapana. Nadia, anza."

"Umri," nilisoma, mstari wa juu kabla ya maswali.

"Sitini na moja," alisema baba.

"Ngoja!" Baba mkubwa aliinua kidole. "Kwa askari, mzee ni vizuri, hawamshuku. Kwa daktari, kijana ni vizuri, hawamkatii tamaa. Tuseme askari anataka themanini, daktari anataka ishirini. Katikati ni ngapi?"

Walipiga hesabu mpaka mama akachoka, wakakubaliana arobaini na tisa. Nikaandika.

"Je, umewahi kuvunjika mfupa?"

"Hapana. Mifupa ya ukoo wetu ni siri ya ukoo wetu."

"Je, unatumia dawa ya kuyeyusha damu?"

"Damu!" Baba mkubwa alishuka kidogo kwenye kiti. "Sasa wanatafuta nini? Andika hapana, na uandike kubwa."

"Je, umepungua uzito bila sababu?"

Tulitazamana. Kila mtu Gitega alikuwa amepungua. Suruali zote baba alizozipokea miaka ile zilikuwa za kupunguzwa kiuno.

"Sababu tunayo," alisema mama polepole.

"Kwa hiyo hapana," alisema baba mkubwa.

"Je, una ujauzito?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Baba mkubwa hakucheka. Aliomba nisome tena, akafikiri. "Ni mtego," alisema. "Wanataka kuona kama tunasoma. Hapana."

Tulipofika kwenye usingizi, kama mgonjwa analala vizuri, mama alisema tangu mwaka wa tisini na tatu, vita vilipoanza, hakuna mtu aliyelala, andika hapana tu. Lakini hapo baba mkubwa alibadilisha. "Mtu asiyelala usiku, anafanya nini usiku? Hapo andika ndiyo. Analala kama jiwe."

Kisha nikafika kwenye swali la kumi na tisa, lenye nyota. "Je, umeanguka au kupata pigo siku za karibuni?"

"Hapana," alisema baba mwenyewe, kabla ya kaka yake. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa kulia kwake, hakuweza kuniona, nami niliona sikio lake tu. Sikio lilikuwa limetulia.

Swali la ishirini lilikuwa na nyota pia. "Je, mkono au vidole vinakufa ganzi?"

"Hapana," alisema baba tena.

Niliandika. Kalamu iliandika vizuri kabisa. Swali la mwisho lilikuwa kama mgonjwa amekubali matibabu kwa hiari yake mwenyewe, na baba mkubwa akasema, "Andika: tunakubali." Nikahesabu: hapana ishirini na sita, ndiyo moja, tunakubali moja.

Tuliondoka siku ya nane kati ya zile kumi, barabara ilipofunguliwa asubuhi. Mama alinivuta pembeni. "Kaa kulia kwake," alisema. "We ndiye jicho lake la upande ule." Lakini kwenye gari haikuwezekana. Murad alikuwa kwenye usukani, baba kando yake, mimi na baba mkubwa nyuma. Na dereva, kwetu, hukaa kushoto. Kutoka Gitega mpaka Muyinga baba alimtazama Murad.

Mwanzoni Murad alijaribu kuvumilia. Kabla ya Karuzi alianza kutokwa na jasho.

"Kassimu, angalia hata mlima kidogo."

"Mlima iko nyuma yako. Naona kipande."

"Funga macho basi."

Baba alifunga macho. Baada ya kilomita mbili Murad alisema, "Fungua. Hivyo ni kama naendesha na maiti."

Baba akafungua. "Unazeeka, Murad," alisema. "Hapa sikioni iko mvi sikuwahi kuona."

"Utazionaje? Miaka minne unatazama mbele."

Sikusikia ugomvi ndani ya maneno hayo, ila sikuwa na hakika, na baba mkubwa alikuwa anakoroma.

Baada ya Karuzi kulikuwa na bariyeri, kamba yenye vitambaa vyekundu. Askari aliyekuja dirishani alikuwa kijana mwembamba, anachechemea mguu mmoja.

"Mzee, angalia mbele."

"Siwezi, shefu."

"Dereva amekukosea nini?"

"Koti," baba na Murad wakasema pamoja.

Askari aliomba karatasi. Nikampa vitambulisho na ile ya maswali, maana baba mkubwa alinisukuma kwa kiwiko. Aliisoma yote. Aliisoma kwa midomo, mstari kwa mstari, na kila alipofika kwenye jibu alimtazama baba.

"Hapana, hapana, hapana," alisema. "Haumwi kichwa. Haumwi mgongo. Hajaanguka. Mi niko na miaka ishirini na mbili na siwezi kujibu hivi. Mtu wa namna hii hakuna. Huyu anaficha."

"Ni mzima sana, shefu," alisema baba mkubwa, ambaye alikuwa ameamka vizuri.

"Mzima sana, na mnampeleka kwa daktari?"

Askari akageuza karatasi kutafuta muhuri. Nilikuwa nimekaa dirishani, na alipoilaza ukingoni mwa dirisha, nyuma ya karatasi ikawa mbele ya macho yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameigeuza. Kulikuwa na mistari mitatu ya maandishi madogo:

*Kama umejibu ndiyo kwenye swali lolote lenye nyota, shingo yako isizungushwe kabla haijapigwa picha ya mifupa. Kuna waliopooza. Tafadhali sema kweli. Karatasi hii hatumpi mtu mwingine.*

"Muhuri hakuna," alisema askari. Alinirudishia. Kisha akainama zaidi, akashusha sauti. "Huyo daktari, anatibu magoti pia?"

"Sijui," nilisema.

"Ukimwona umwulize. Goti la kushoto. Likikunjwa linalia." Akashusha kamba.

Kutoka pale mpaka Muyinga ni mwendo wa saa moja na kidogo, na muda wote huo niliandaa sentensi. Ilikuwa sentensi fupi. Baba, tumekosea kwenye kumi na tisa na ishirini. Niliisema moyoni kwenye kila kona. Lakini kuisema kwa sauti ni kumwambia baba mkubwa, mbele ya mtu wa nje, kwamba ametupotosha. Na kumwambia Murad kwamba baba yangu alikimbia baiskeli. Na baba aliniambia sijaona kitu, nami nikajibu ndiyo. Kila niliposafisha koo, Murad alidhani nataka kutapika, akapunguza mwendo.

Ilyasi alikuwa mtu mdogo mwenye mikono mikubwa, kama ameazima. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu ya kulalia, na mwisho wa meza palikuwa na shimo la mviringo. Baba mkubwa alilizunguka shimo hilo mara mbili.

"Hili ni la nini?"

"La uso, mzee. Mgonjwa akilala kifudifudi anaweka uso hapo."

"Na anaangalia nini?"

"Sakafu."

Baba mkubwa aliinama akaikagua sakafu.

Ilyasi alisoma karatasi yetu. Alikuwa na Kiswahili safi cha Kigoma, na sauti ya mtu asiye na haraka. "Mzee, una miaka arobaini na tisa?"

"Wamekubaliana hivyo," alisema baba.

"Na hukuwahi kuanguka? Hata utotoni?"

"Katika ukoo wetu hatuanguki," alisema baba mkubwa.

Ilyasi aliweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Nisikilizeni. Mikono yangu inafaa watu wengine, wengine haiwafai. Mtu ambaye majibu yake ni haya, naweza kushika kichwa chake hivi, nikakizungusha mara moja, na mara nyingi shingo inarudi. Lakini mimi sioni ndani. Kilichomo ndani mnakijua ninyi. Mzee, vidole viko sawa?"

"Viko sawa," alisema baba haraka. "Zungusha tu. Mi niko na siku mbili."

Alikuwa na hamu, masikini. Alikuwa amekaa ukingoni mwa meza kwa kanzu yake nzuri, miguu haigusi chini, na macho yake, kwa vile hayakuwa na mahali pengine pa kwenda, yalikuwa kwa Murad aliyesimama ukutani. Ilyasi alisimama nyuma yake. Aliweka kiganja kimoja kwenye taya ya baba na kingine kisogoni. Nikaona ukubwa wa ile mikono. Nikafungua mdomo, na ile sentensi niliyoiandaa tangu bariyeri haikuwepo.

Basi nilichomoa sindano kwenye ushungi. Nikavuta uzi ukatoka. Nikapita upande wa kushoto, nikasimama kati ya baba na Murad, mahali ambapo ni lazima anione.

"Baba," nilisema, "nitilie uzi."

"Sasa hivi?" alisema baba mkubwa. "Mtoto, tuko kwa daktari!"

Ilyasi hakuondoa mikono, ila niliona imelegea. Baba aliniangalia, akaangalia sindano. Alinyoosha mkono wa kulia akaipokea kwa vidole viwili, na sindano ikaanguka. Niliiokota. Akaipokea tena, safari hii ikakaa, akachukua uzi kwa mkono mwingine, na tukasimama watu wanne katika chumba kile tukimtazama fundi Kassimu wa Magarama akitafuta tundu. Uzi ulipita juu. Ulipita chini. Sindano ikaanguka tena, ikalia kwenye saruji, na sikujua kama sindano ina sauti kubwa vile.

Murad ndiye aliyeiokota. Hakucheka. Aliichoma kwenye ukosi wa koti lake la kiwandani ili isipotee.

"Nadia," alisema baba. "Kalamu unayo?"

"Ninayo, baba."

"Ya ishirini, andika ndiyo."

Nikaandika.

"Ya kumi na tisa pia. Andika ndiyo, mferejini, na cherehani juu. Andika ni baiskeli."

"Kassimu!" alisema baba mkubwa. "Baiskeli ya nani?"

"Iliyopasuka gurudumu sokoni."

Baba mkubwa alikaa chini taratibu kwenye meza, kando ya shimo. "Hiyo baiskeli," alisema. "Hata mi nilikimbia hiyo baiskeli. Nilifika mpaka bondeni."

"Mi nilifunga duka siku mbili," alisema Murad.

Ilyasi alikuwa ameondoa mikono yake, ameiweka nyuma ya mgongo, kama mtu anayeificha isije ikajisahau. "Basi leo haikufai, mzee," alisema. "Nusu ya kazi yangu ni kutogusa. Kwanza picha."

Picha ilipigwa hospitalini alasiri hiyo hiyo. Ilyasi aliishika dirishani, akatuonyesha kwa kalamu: kwenye mfupa mmoja wa shingo palikuwa na ufa, mwembamba kama uzi wa kushonea hariri. Hakutuambia ingekuwaje kama angeizungusha shingo ile. Alikunywa maji, glasi nzima, kisha akaomba nyingine.

Alimpa baba wiki nane, shingo ifungwe, isichezewe na mtu. Halafu, kwa kuwa tulikuwa tumesimama tu, alimtazama Murad.

"Na wewe bwana, bega lako la kushoto limeshuka. Unalijua?"

"Limeshuka?"

"Vidole viwili. Labda ni la tangu utotoni. Halina hatari, ila kila koti ukivaa, mkono wa kushoto utakuwa mrefu."

Nilidhani baba atasema kitu. Alikuwa na haki hiyo, na shingo yake ilikuwa imeelekea mahali panapofaa kabisa. Alimtazama tu Murad, kutoka Muyinga mpaka Gitega, kilomita zote, na Murad aliendesha akiwa mwekundu masikioni mpaka nyumbani. Kwenye bariyeri nilimpa yule askari kikaratasi. Ilyasi alikuwa ameandika: *Magoti ndiyo. Uje ujibu maswali kwanza.*

Kola ya shingo baba aliishona mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mimi nikishika kitambaa. Ndani tuliweka ubao wa boksi unaokunjiwa vitambaa vya suti. Murad aliuleta, na kitambaa juu yake, bila kuulizwa. Kamati ya usalama ilikuja siku ya kumi, ikaiona kola, ikasema mtu mwenye kola ni mgonjwa, na mgonjwa anaruhusiwa kuangalia anapotaka.

Ufa uliposhikana, tulirudi Muyinga mara tatu. Ilyasi hakuzungusha kitu. Alikuwa anashika kichwa cha baba kama mtu anayepima tikiti, muda mrefu, hakuna mfupa uliolia, na baba alilalamika kwamba anatibiwa kimyakimya. Lakini kila Ijumaa nilipima kwa futi kutoka kidevuni mpaka bega la kushoto, na kila Ijumaa iliongezeka. Kutoka barazani alianza kuona ukingo wa duka la Murad, halafu mwuza sukari, halafu barabara. Watu wa Magarama walihama kidogokidogo kumfuata. Siku aliyopita akiwa anaangalia mbele, walisimama wote wakaangalia mbele, na mwuza sukari akafunga duka.

Mwezi wa tisa Ilyasi alituma karatasi nyingine kwa baiskeli, fupi, maswali sita. Baba mkubwa Waziri alikuja akakaa kwenye kiti kikubwa, akainua kidole.

"Sikilizeni. Karatasi ni karatasi."

"Kaka, kunywa chai," alisema baba. "Nadia, soma."

Nikageuza karatasi kwanza. Nyuma haikuwa na kitu. Nikasoma swali la kwanza: "Je, umepona?"

Baba alifikiri. Alikunja vidole vya kulia, akavikunjua. Aliomba sindano, nikampa, na uzi. Ilimchukua muda, chai ikapoa, mama akasimama mlangoni na kijiko mkononi. Mara ya nne uzi ukapita. Aligeuza kichwa polepole, akavuka katikati ya kifua, akaja upande wa kulia nilikokuwa nimekaa, mpaka akaniona.

"Andika," alisema. "Bado kidogo."